Zamu ya Haradali

Mchuzi wa mboga wa Kigujarati huamuliwa kabla mboga haijaingia sufuriani. Mafuta yakishapata moto, mpishi hudondosha punje moja ya haradali. Ikikaa kimya, anangoja. Ikipasuka papo hapo, anatia kijiko kizima, anafunika nusu, na kwa muda jiko zima linasikika tatatata. Mlio ukianza kufifia, jira inaingia. Inatutumka na kukolea rangi kidogo. Kisha mvuje, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili. Kisha majani mabichi ya mchuzi, ambayo maji yake yakikutana na mafuta hupiga kelele ya kumrudisha mtu nyuma. Ndipo mboga inaingia na ghasia yote inatulia. Mambo haya hayafiki dakika mbili. Wagujarati huiita kazi hii vaghar. Sisi tunasema kuunga, ila kwetu kuunga huanza na kitunguu na nyanya, na viungo hufuata baadaye, vikiwa vimeshasagwa na kuchanganywa pamoja.

Tofauti hiyo hunishangaza kila nikiitafakari. Pwani yetu na Gujarat ni majirani wa bahari. Majahazi ya Mandvi na Porbandar yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi tangu zamani kabla ya meli za moshi, na Wagujarati waliohamia Unguja, Mombasa na baadaye Dar es Salaam wameishi nasi vizazi kwa vizazi. Viungo tunavyo. Ingia Darajani kule Unguja, au Marikiti kule Mombasa, uulize jira, giligilani, uwatu, haradali au hiliki: utapimiwa bila kuulizwa unapika nini. Karafuu, ambayo haikosekani katika garam masala, ilianza kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na India ikawa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Iweje basi tukavipokea viungo vyote hivi na tusipokee zamu yake, nani atangulie na nani afuate?

Nadhani jibu limo katika vile vilivyovuka. Kachori, bajia, chapati, achari, chatne, vyote vilivuka, na sambusa pia, hata kama Waarabu nao wanaidai. Urojo wa Unguja hauna maana bila bajia na mbatata. Lakini hivi vyote ni vyakula vya kuonwa: vya barazani, vya harusini, vya futari. Mtu aliviona vikikaangwa kando ya njia, akanunua, akaonja, akaenda kujaribu kwake. Mchuzi wa kila siku haukuuzwa popote. Bilinganya na viazi vya Jumanne mchana havikuwa na mteja. Vilipikwa nyuma ya mlango, na mlango wenyewe ulikuwa mzito. Wabhatia, Wahindu waliowahi kutajirika Unguja, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 walikuja bila wake zao, na sheria za tabaka ziliwabana juu ya nani awapikie na nani ale nao. Si Wahindi wote waliokuwa hivyo. Waismailia, Mabohora na Waithnaashari hula nyama, na pilau yao na kuku wao wa nazi ni ndugu wa vyetu. Jiko la mboga tupu, la Walohana, la Wapateli, la Wajaini, ndilo lililobaki ndani.

Waliovuka kizingiti hicho ni watumishi. Masimulizi ya safari ya chakula kati ya India na Afrika Mashariki aghalabu huwataja wafanyabiashara, mabaharia na masultani. Aliyesimama mbele ya jiko kuanzia asubuhi hadi jioni haonekani. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Alitoka Lindi akiwa msichana, akapata kazi katika nyumba ya Wagujarati Upanga, Dar es Salaam, kwanza ya kuosha vyombo, baadaye ya kumenya na kukatakata, mwishowe jiko lote likawa mikononi mwake isipokuwa achari, ambazo bibi wa nyumba hakumwachia mtu kwa kuogopa mkono wenye maji. Nyama haikuingia nyumba ile, wala samaki, wala yai. Shangazi alikula dagaa wake kwake, siku za mapumziko, na Jumatatu alipiga mswaki mara mbili. Hakuna aliyemketisha chini kumfundisha. Aliambiwa "bado" na "sasa", basi. Bado, haradali haijapasuka. Sasa, tia jira. Mpaka leo akimsimamia mtu jikoni ni maneno hayo hayo mawili, na ukimwuliza sababu anasema, "Wewe pika, mwanangu, sababu utaila."

Sababu ipo, na inaliwa kweli. Harufu nyingi za viungo huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji. Jira ukiitia kwenye mchuzi unaotokota itabaki punje zinazoelea. Ukiitia kwenye mafuta ya moto, mafuta yataibeba harufu yake hadi kwenye kila kipande. Haradali nayo ina kisa chake. Ukali wake haumo katika punje nzima. Huzaliwa punje ikisagwa na kukutana na maji, kwa kazi ya kimeng'enya kilichomo humo humo. Moto wa mafuta hukiua kimeng'enya hicho kabla hakijafanya lolote, na kwa hiyo haradali iliyopasuliwa haiwashi. Hunukia kama karanga zilizokaangwa. Haradali hutaka mafuta makali. Jira huyavumilia kwa sekunde chache. Manjano na pilipili ya unga haziwezi kabisa: zikikutana na mafuta yale huungua mara moja, manjano yakawa machungu na pilipili ikawatoa watu nje wakikohoa. Ndiyo maana hungoja mboga itangulie kuyapoza mafuta. Giligilani ya kusaga huja baadaye zaidi, na majani yake, kotmiri, huja moto umeshazimwa.

Kopo la bizari ya mchuzi linaifuta hesabu hii yote. Humo manjano, giligilani, jira, uwatu na pilipili vimesagwa siku moja, vina umri mmoja, na vitaingia sufuriani kwa mpigo mmoja. Sililaumu. Mchuzi wa samaki wa nazi haujawahi kuniudhi kwa sababu ya bizari ya kopo. Lakini tukumbuke kwamba unga huo, ulivyo dukani, ulipata soko lake kubwa kwa Waingereza, si kwa mama wa Kihindi. Kitabu cha mapishi cha Hannah Glasse kilichotoka London mwaka 1747 tayari kina maelekezo ya mchuzi wa mtindo wa Kihindi, na kabla ya karne ile kwisha unga uliochanganywa tayari ulikuwa ukitangazwa na kuuzwa mjini humo. Mtu aliyerudi kwao kutoka Bengal au Madras alitaka ladha bila mpishi. Akapewa. Kilichobanwa ndani ya kopo ni viungo peke yake. "Bado" na "sasa" hazikuweza kuingia.

Kwa nini jiko la mboga ndilo lililoshika zamu hii kwa ukali kuliko mengine? Tazama lilivyojinyima. Halina mifupa ya kuchemshia supu, halina mafuta ya nyama yanayochuja polepole ndani ya mchuzi, halina hata kile kipande kimoja cha samaki mkavu ambacho mama zetu hukitupia kwenye mchicha ili "uwe na kitu". Wajaini wamekwenda mbali zaidi: wanaoshika dini sawasawa hawali kitunguu, wala kitunguu saumu, wala kiazi, kwa kuwa kung'oa mzizi ni kuua mmea pamoja na viumbe vidogo vilivyouzunguka. Wahindu wengi wa madhehebu ya Swaminarayan nao huacha vitunguu vya aina zote mbili. Yakishaondolewa hayo yote, mpishi amebaki na mafuta, viungo na saa. Mtu mwenye nyama anaweza kuzembea, nyama itamfichia aibu. Mwenye bilinganya hana wa kumfichia.

Mvuje ndio uliojaza pengo la kitunguu. Ni utomvu unaokamuliwa kwenye mizizi ya mmea wa nyika za Afghanistan na Iran, ukakauka ukawa gundi, na kwa kuwa ukiwa safi ni mkali mno, madukani huuzwa umechanganywa na unga. India huutumia kwa wingi ajabu, na kwa miaka mingi imekuwa ikiununua nje. Wataalamu wake walianza kuupanda katika bonde la Lahaul, jimbo la Himachal Pradesh, Oktoba 2020 tu. Ndani ya kopo unanuka. Sitafuti neno la adabu. Unanuka kiasi kwamba bibi wa Upanga aliuweka katika kopo ndani ya kopo. Ukigusa mafuta ya moto ule uvundo unaondoka na badala yake inakuja harufu ya kitunguu kilichokaangwa polepole mpaka kikawa rangi ya dhahabu, maana salfa iliyomo humo ni jamaa ya ile ya kwenye vitunguu.

Watu wa pwani tunaujua mvuje kwa upande ule unaonuka. Hufungwa kwenye kitambaa akavalishwa mtoto mchanga kumkinga na kijicho, hufukizwa kuwafukuza wasioonekana, na wakunga wana matumizi yao ambayo mwanamume haambiwi. Shangazi alipouona kwa mara ya kwanza kwenye rafu ya viungo alidhani nyumba ile ina mgonjwa. Alipoona unatiwa kwenye dengu alinyamaza, akala, na jioni akawasimulia wenzake barazani kwamba Wahindi wanakula dawa ya mashetani. Nimependa sana kisa hicho, na sababu moja ni kwamba hakumcheka mtu: kwake ilikuwa wazi kwamba kitu kinachomfukuza shetani hakiwezi kuwa kibaya kwa tumbo.

Sasa chakula chenyewe, bilinganya na viazi, kwa namna anavyopika yeye. Bilinganya ni zile ndogo za duara, nyepesi mkononi, maana zilizo nzito zimejaa mbegu. Hukatwa na kutumbukizwa kwenye maji ya chumvi zisiwe nyeusi. Viazi hukatwa vidogo zaidi kuliko bilinganya kwa kuwa ni vigumu kuiva, na hapa wengi huharibu, wakitaka vipande vyote vilingane kwa ajili ya macho. Baada ya vaghar viazi hutangulia, na chumvi na manjano, hufunikwa viive nusu kwa mvuke wao wenyewe. Hapo ndipo bilinganya huingia. Bilinganya ni sifongo. Ndani yake mna nafasi tupu chungu nzima, na ukiitia mapema kwenye mafuta matupu itayanywa yote na kukuangalia ikitaka mengine. Ikikuta sufuria ina mvuke, kuta za zile nafasi huanguka kabla hazijanywa sana. Halafu unga wa giligilani na jira, uliosagwa pamoja, giligilani ikizidi sana. Pilipili ya unga. Maji kiasi cha kikombe cha kahawa, si zaidi. Anafunika, na juu ya kifuniko anaweka maji kidogo, ili mvuke uliogusa chini ya kifuniko upoe na kurudi ndani. Sijaona popote maelekezo ya hilo la maji juu ya kifuniko. Linafanya kazi. Mwishoni ukwaju uliokamuliwa, kipande cha sukari guru, na dakika tano za kuacha tu, moto mdogo, mpaka mafuta yajitenge pembeni mwa sufuria. Mafuta yakijitenga, ndipo anaposema "sasa" ya mwisho.

Wapo watakaouliza kama hiki ni cha asili. Swali hilo huulizwa kwa sauti ya hakimu, na mimi huwa nahesabu sufuria: kiazi asili yake Amerika ya Kusini, pilipili hoho na pilipili kali pia ni za Amerika, zilizofika India na Wareno katika karne ya 16. Kabla yake ukali wa vyakula vya Kihindi ulitoka kwa pilipili manga, pilipili ndefu na tangawizi. Nyanya, ambayo leo mpishi wa Kihindi hawezi kupika siku mbili bila kuigusa, ni mgeni wa juzi kuliko pilipili. Katika sufuria ya shangazi walio wenyeji ni bilinganya na yale mafuta yaliyopigwa zamu. Basi kama ni asili tunaitafuta, tusiitafute kwenye mboga.

Pembeni mwa sahani, pamoja na wali na chapati nyembamba, hukaa dali ya mbaazi. Hapo ndipo kisa kinaporudi kwao shangazi. Mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa ndizo tuvar dal ya Wagujarati, na Lindi na Mtwara ni katika mikoa inayozilima kwa wingi, karibu zote zikiwa na safari moja, ya India. Kwao shangazi mbaazi huliwa nzima, kwa nazi, asubuhi, na maandazi. Kwamba kuna watu wanaozikoboa, kuzipasua, kuzichemsha hadi zikawa uji na kuziunga kwa haradali, wakulima wengi hawakuwa na haja ya kujua, mradi bei ilikuwa nzuri. Agosti 2017 Serikali ya India iliweka kikomo cha uagizaji wa mbaazi, tani 200,000 kwa mwaka, kwa sababu mavuno yake yalikuwa yamefurika na wakulima wake walikuwa wakilalamika. Huku kwetu bei ikaporomoka na magunia yakalala maghalani. Kaka wa shangazi alipiga simu kutoka kijijini akauliza wale Wahindi wake wamegomea chakula au vipi. Akamjibu wanakula vilevile, ila wamepata za kwao.

Kuna Mgujarati mmoja ambaye angeukataa mchuzi wote huu, naye ndiye maarufu kuliko wote. Gandhi, mzaliwa wa Porbandar, alikwenda London mwaka 1888 akiwa amemwahidi mama yake kwamba hatagusa nyama. Alipata taabu. Alipewa mboga za kuchemshwa, chukuchuku, na kwa kijana aliyekulia kwenye vaghar zile hazikuwa chakula. Alizunguka na njaa mpaka akagundua hoteli ya wala mboga katika mtaa wa Farringdon. Lakini baadaye, kwa maelezo yake mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, aliacha viungo alivyoletewa kutoka nyumbani, na ule mchicha wa Kizungu uliomshinda mwanzoni, uliochemshwa bila kitu, akaanza kuufurahia. Akafikia kuamini kwamba ladha haikai ulimini bali akilini. Katika ashramu yake huko Ahmedabad kuutawala ulimi ilikuwa ni mojawapo ya nadhiri: chakula ni dawa ya mwili, na anayekila kwa ajili ya utamu amekuwa mtumwa.

Nimejaribu kumbishia kwa haki. Ana hoja, kwa sababu jiko la mboga lilianza na kujinyima, naye alilichukulia hilo hadi mwisho wake: ikiwa umeacha nyama kwa ajili ya huruma na kitunguu kwa ajili ya utulivu, jira unaibakiza kwa ajili ya nini? Mtu wa dini aliye mkweli hana jibu jepesi. Nami simjibu kwa dini. Namjibu kwa jambo ambalo yeye, mwanamume aliyetoa amri kwa majiko mengi, huenda hakulipa uzito wake. Wanawake wa Gujarat walionyimwa nyama hawakunung'unika; walikaa na haradali mpaka wakajua inapasuka kwa moto gani. Kuuita ujuzi huo utumwa wa ulimi ni kumvua mpishi kitu pekee ambacho ni chake katika nyumba ambayo sheria zote zimewekwa na wengine. Shangazi naye, katika nyumba ambayo hata kiti alichokalia hakikuwa chake, hicho ndicho alichotoka nacho alipostaafu. Pensheni haikuwepo.

Anakuja kwangu mara kwa mara, na kabla hajaulizwa habari za safari ameshafungua kabati kukagua kama mvuje bado una nguvu. Hatuelewani jambo moja tu, sukari guru. Wagujarati huitia katika dali na katika mboga nyingi, na shangazi anasema ukwaju bila sukari guru unakwaruza koo. Mume wangu ni mtu wa Tanga na msimamo wake haujabadilika: sukari ni ya chai. Ameshasema kwa upole, ameshasema mbele ya wageni. Shangazi hujibu, "Nimesikia, baba," akamgeuzia mgongo, akakivunja kile kipande kwa mpini wa kisu, akatia. Mume wangu hula, huongeza, husifu, kisha huniuliza kwa sauti ya chini kama anavyoona yeye, leo afadhali sukari haikutiwa.